Umealikwa roda ya samba Lisbon? Kwanza itikia

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, niko Lisbon mwaka wa pili sasa kwa masomo. Jioni nafanya kazi jikoni kwenye mgahawa pamoja na dada wawili wa Brazil, na wamenialika "roda de samba" Jumapili hii kwenye ukumbi wa chama cha mtaa. Natamani kwenda lakini nina wasiwasi. Samba ninayoijua ni ya kwenye televisheni, wanawake wenye manyoya na viatu virefu, na mimi navaa ushungi. Sinywi pombe wala sili nguruwe. Kireno changu ni cha kuombea maji. Ila nyumbani nilipiga dufu kwenye kikundi cha kasida tangu nikiwa mdogo, na nikisikia ngoma mikono inaniwasha. Je, niende na dufu langu? Na nikifika nifanyeje nisije nikaharibu shughuli ya watu?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nenda, tena nenda mapema, kabla watu hawajaizunguka meza ukakosa pa kusimama. Mimi nimepiga ngoma maisha yangu yote, kwanza nyumbani Unguja, kisha miaka miwili Rio de Janeiro nikijifunza, na tangu hapo kila mji wa Ulaya ninaopita naulizia roda iko wapi. Nitakujibu kwa urefu, maana barua yako ina maswali manne ndani ya moja, na lile la dufu limenigusa zaidi.

Tuanze na manyoya. Uliyoyaona ni gwaride la kanivali. Kule Rio gwaride hilo lina barabara yake, iliyojengewa majukwaa pande mbili mwaka 1984. Lina majaji, lina alama, na vikundi vinashindana kama timu za mpira. Roda haina jukwaa. Ni meza iliyowekwa katikati ya ukumbi, wapigaji wamekaa kuizunguka wakitazamana wenyewe kwa wenyewe, na watu wengine wote wamesimama nyuma ya viti vyao, safu kwa safu. Ukiingia mlangoni utaona migongo tu. Anayetafuta onyesho huvunjika moyo hapo hapo. Wapigaji wamevaa fulana na ndala, mezani pana bilauri, simu, miwani ya mtu na karatasi ya maneno ya nyimbo iliyolowa. Wewe vaa unavyovaa siku zote, na ushungi wako, na viatu bapa, kwa kuwa huenda ukasimama saa tatu au nne.

Neno lenyewe, *roda*, maana yake ni gurudumu au duara. Mbrazili akilitamka, ile r ya mwanzo inageuka h, na sikio letu linasikia "hoda". Mara ya kwanza nilidhani mtu anapiga hodi. Nimelishika hivyo mpaka leo, na limenisaidia.

Sasa nikwambie jambo ambalo ningependa ulibebe kuliko mengine yote humu: katika roda, chombo kikubwa kuliko vyote hakiko mezani. Ni kiitikio. Mtu mmoja "anauvuta" wimbo, ndivyo wasemavyo wao, anaimba mstari mmoja au miwili peke yake na kinanda kidogo cha nyuzi nne kiitwacho cavaquinho kinamfuata, halafu ukumbi mzima unaupokea. Wale waliosimama safu ya kwanza nyuma ya viti ndio wanaoimba kwa nguvu zaidi, na wapigaji wanawategemea. Nimekaa kwenye meza za mafundi wakubwa, ngoma zimepangika vizuri, na usiku ukapooza kwa sababu waliosimama walikuwa wanapiga soga. Nimekaa pia kwenye meza ya wapigaji wanne wasio na jina, mmoja wao kamba ya gitaa imemkatikia, na watu sitini wakaubeba wimbo mpaka tukaweka ala chini, tukabaki na makofi na sauti. Kwa hiyo kazi yako Jumapili unayo tayari, wala haihitaji Kireno kingi. Kiitikio cha samba huwa na mistari miwili au minne na kinarudi mara nyingi. Mzunguko wa kwanza sikiliza. Wa pili fuata mwisho wa maneno tu. Wa tatu utakuwa unaimba. Wewe umelelewa kwenye kasida, unajua mwanagenzi anavyoanza kwa kuitikia kabla hajapewa beti.

Hilo mimi nilifundishwa kwa aibu. Nilifika Rio nikiwa na majivuno ya mtu aliyekua na msondo na vumi. Jioni moja kwenye roda ya mtaani, mpigaji wa ganzá, ambayo ni kayamba ya bati, aliinuka akatoka nje. Nikaichukua. Sikuwa nimeitikisa hata mara nne. Mzee aliyekaa kando na ngoma ya kina kirefu alinyoosha mkono wa kushoto, akaweka kiganja juu ya ile ganzá, akaitua mezani polepole, na mkono wake wa kulia haukukosa pigo hata moja. Hakunikunjia uso. Wimbo ulipokwisha akajigusa sikio kwa kidole, kisha mdomo, akarudi kupiga. Mwezi mzima nikawa naimba tu. Siku aliyonisogezea ganzá mwenyewe nilikuwa najua nyimbo zipatazo thelathini, na ndipo nikaelewa alichonizuilia: sikuwa nasikia nyimbo zinageukia wapi, kwa hiyo mkono wangu ungekuwa kelele tu.

Basi dufu liache nyumbani Jumapili hii. Roda ina desturi isiyoandikwa popote: kila ala huwa moja, na ina mwenyewe. Ngoma nzito moja, *cuíca* moja, ngoma ya kusugua nitakayokueleza mbele, matari mawili kwa shida. Akitokea mtu wa tatu na tari lake, duara zima linachafuka. Nenda mara ya kwanza ukiwa mwitikiaji. Mara ya pili watakukumbuka uso. Mara ya tatu libebe, likae ndani ya mfuko, usilitoe mpaka mapumziko, kisha mwendee mwenye tari umwulize *posso dar uma canja?* Canja ni supu ya kuku, lakini kwa wanamuziki wa Brazil "kutoa supu" ni kupiga wimbo mmoja au miwili kama mgeni. Akikubali, utakaa kwenye kiti chake, utapiga hizo mbili, utanyanyuka bila kusubiri kuambiwa.

Na ukilitoa dufu lako watalishangilia, maana tari lao ni nduguye. Linaitwa *pandeiro*: duara la mbao, ngozi upande mmoja, na vitasa vidogo vya bati ubavuni. Wareno ndio waliolipeleka Brazil, nao walikuwa wamekaa karne nyingi na Waarabu na Waberberi kwenye ardhi yao. Hapo hapo Ureno, vijijini Beira Baixa kuelekea mpaka wa Hispania, wanawake hadi leo wanapiga tari la pembe nne liitwalo *adufe*. Litamke polepole. Ni *duff* ya Kiarabu, neno lile lile lililotupa dufu. Wewe umetoka Tanga na chombo ambacho jina lake lilifika Lisbon kabla yako.

Namna ya kupiga ndiyo tofauti. Angalia mkono wa mwenye pandeiro usiku huo, usimwangalie usoni. Dole gumba linapiga karibu na ukingo, linatoa besi. Ncha za vidole zinafuata, kisha kisigino cha kiganja, kisha ncha tena. Nne kwa kila hatua, bila kukatika, na mkono ulioshika unachezesha kifundo kidogo ili vitasa visilie vyote kwa pamoja. Anayeweza huonekana kama hafanyi kitu. Baridi ya Lisbon ikiwa na unyevu, ngozi inalegea na sauti inakuwa ya kadibodi. Utamwona analisugua ngozi kwa kiganja au analisogeza karibu na taa, kama sisi tunavyopasha ngoma moto.

Hapa nikuonye kuhusu sikio lako la pwani. Ngoma zetu nyingi zinatembea kwa tatu tatu. Chakacha ndivyo ilivyo, na kiuno kimeshazoea. Samba inatembea kwa mbili, na uzito wake uko penye ya pili. Ile ngoma nzito, *surdo*, au *tantã* inayopigwa kwa mkono, inagusa kwa upole penye moja na kuangusha mzigo penye mbili. Mgeni husikia lile pigo zito akadhani ndio mwanzo, akabaki kinyume usiku kucha. Jifunze leo, ukiwa kwenye treni. Tembeza hesabu ya haraka iliyo sawa, moja hadi nane, irudie bila kusimama. Piga kofi penye moja, penye nne na penye saba. Likishakaa, ongeza mguu: ukanyage penye tano. Utaona pigo zito linaangukia pale ambapo mikono yako ipo hewani. Hilo ni kofi la zamani la Bahia, na ukienda nalo ukalipiga kwa sauti ndogo hakuna atakayekugeukia. Mpaka uwe na uhakika, piga vidole viwili kwenye kiganja, usipige viganja vitupu.

Nimetaja Bahia, na siwezi kuipita hivi hivi. Huko kuna samba kongwe zaidi, *samba de roda* ya eneo la Recôncavo, ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mle duara ni la watu wenyewe, na katikati anaingia mchezaji mmoja mmoja. Anasota na hatua ndogondogo, nyayo hazitoki chini, na akimaliza anamwendea mwingine na kumgusa kitovu kwa kitovu, au kuashiria tu, ndio zamu imehama. Wataalamu wengi wanaliunganisha jina samba na *semba* ya Kimbundu cha Angola, neno la huko huko kwenye kitovu. Na mwanamke mmoja anakaa na sahani na kisu cha mezani, anaparuza ukingo wa sahani kwa kisu, *prato e faca*, na ile parakacha inashikilia mwendo wote. Niliposikia mara ya kwanza nilikumbuka upatu wa kwetu. Wakipiga sahani Jumapili hiyo, ujue kuna mtu wa Bahia mezani au mtu aliyejifunza kwa heshima.

Waliolipeleka duara hilo walipelekwa kwa minyororo. Bandari ya Valongo hapo Rio, iliyojengwa mwaka 1811 na kuwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017, inakadiriwa kupokea Waafrika wapatao 900,000. Wengi walitoka Kongo na Angola, lakini karne ya 19 meli zilizunguka hadi upande wetu pia, Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, wakachukuliwa Wamakua na wengine ambao jamaa zao leo ni raia wa Mtwara. Ndiyo maana Mswahili akisikiliza Kireno cha Brazil anakutana na ndugu njiani. Mtoto wa mwisho ni *caçula*, kutoka Kimbundu. Unga ni *fubá*. Na kwenye jongo, ngoma ya mashambani ya kahawa ambayo wazee wa samba wanaihesabu kama nyanya yao, ngoma inaitwa *angoma*.

Utumwa ulifutwa Brazil mwaka 1888 tu. Kabla na baada ya hapo watu weusi wa Bahia walihamia Rio, wakakaa karibu na bandari hiyo hiyo, na miongoni mwao alikuwemo mama mmoja mpishi na muuza vitamu, Hilária Batista de Almeida, maarufu Tia Ciata. Tia ni shangazi. Ukumbini kwake zilipigwa ala za kistaarabu, uani ndiko samba ilikokuwa. Mwaka 1916 wimbo uliotoka kwenye mikusanyiko ya nyumba hiyo ulisajiliwa maktaba ya taifa na mwanamuziki Donga kama mtunzi wake, na kanivali ya 1917 ukaimbwa mji mzima. Lakini kupiga samba mtaani kulikuwa kujitafutia kesi ya uzururaji. Mpigaji mmoja, João da Baiana, alinyang'anywa pandeiro lake na polisi, na seneta mmoja, Pinheiro Machado, akampa jipya lenye maandishi ya jina lake mwenyewe, ili polisi wasithubutu kuligusa. Tari lililobeba saini ya mkubwa kama cheti cha ruhusa! Nakusimulia haya usije ukashangaa watu wazima wakiingia wimbo wa zamani na macho yakawalowa.

Roda utakayoiona Lisbon, yenyewe kama yenyewe, ina asili ya karibu zaidi, na nina furaha kukuambia kwamba iko chini ya mkwaju. Kitongoji cha Ramos, kaskazini ya Rio, kuna kikundi cha kanivali kiitwacho Cacique de Ramos, kilichoanzishwa 1961. Miaka ya 1970 vijana wake walikuwa wakikutana Jumatano usiku, wanacheza mpira, wanakula, kisha wanakaa chini ya mkwaju mkubwa wa uani na kuimba. Hakukuwa na vipaza sauti, na ngoma za gwaride zingemeza sauti za waimbaji. Kwa hiyo wakabadili ala. Sereno akaleta tantã, inayolazwa pajani na kupigwa kwa mkono badala ya surdo. Ubirany akaleta *repique de mão*, kangoma kembamba kanakojibu. Almir Guineto akaleta banjo iliyofungwa nyuzi kama cavaquinho, isikike kati ya ngoma. Mwaka 1978 mwimbaji Beth Carvalho akawachukua studio, na Brazil nzima ikasikia sauti ya uani. Kutoka pale ndiko walikotoka kikundi cha Fundo de Quintal na waimbaji Zeca Pagodinho na Arlindo Cruz. Jina Fundo de Quintal maana yake ni uani kabisa, nyuma ya nyumba. Ukiona banjo na tantã kwenye meza ya Lisbon, mkwaju umefika.

Kwenye meza hiyo tafuta pia cuíca. Utaisikia kabla hujaiona, inalia kama mtu anacheka na kulia kwa pamoja. Ni ngoma ambayo ndani yake ubua umefungwa katikati ya ngozi. Mpigaji anaingiza mkono chini na kitambaa kibichi, anausugua ubua, na kidole cha mkono wa pili kinabonyeza ngozi kwa nje kupandisha na kushusha sauti. Kitambaa kikikauka, sauti inakufa, kwa hiyo ana kikombe cha maji miguuni. Angalia usikipige teke. Mimi naweza kuitazama cuíca usiku kucha.

Haya, mambo ya tumbo. Jumapili panaweza kuwa na *feijoada*, maharage meusi mazito. Hiyo usiguse: inapikwa na nguruwe, na hata ukikaribishwa mchuzi wake kwenye kikombe kidogo uliza kwanza. *Farofa*, unga wa mihogo uliokaangwa, nao mara nyingi una vipande vya nguruwe. Sema *tem porco?* bila haya, hakuna anayeona vibaya. Mihogo ya kukaanga ipo, na wewe unaijua kuliko wao, ila uliza mafuta yamekaangia nini kingine. Bahati ikiwa yako atakuwepo mama wa Kibahia anayeuza *acarajé*: kunde zilizosagwa, zikakaangwa kwenye mafuta ya mawese, zikapasuliwa na kujazwa kamba wakavu na pilipili. Ni bajia, mwanangu. Bajia kubwa ya kunde, nyekundu kwa mawese. Kwa kinywaji omba maji au *guaraná*, soda yao. Watakuletea bia kwa ukarimu tu. Sema *não bebo*, inua bilauri yako ya soda mgongane, imekwisha. Wanamuziki wengi wakongwe hawanywi wakiwa mezani, na hilo watu wanalijua.

Umeniuliza pia kwa kificho, nadhani, habari ya dini. Nyimbo nyingine zinataja majina ya miungu ya Kiyoruba, Ogum, Iemanjá, Xangô, na nyingine zinamwimba Mtakatifu Jorge, kwa kuwa samba ililelewa kwenye nyumba za watu wa candomblé, dini ya miungu hiyo huko Brazil, waliokuwa pia Wakatoliki. Roda siyo ibada. Kiitikio usichotaka kukitamka, kaa kimya, piga kofi au usipige, hakuna anayekukagua mdomo. Na usijione wewe ndiwe Mwislamu wa kwanza kukaribia meza hiyo. Salvador ya Bahia ilikuwa na Waislamu weusi wengi, watumwa na walioachwa huru, waliojua kusoma na kuandika Kiarabu. Januari 1835, mwezi wa Ramadhani, waliinuka dhidi ya utumwa, na historia ya Brazil inawakumbuka kwa jina la Malê.

Fedha: kuna kumbi zinazotoza mlangoni, na kuna zinazopitisha kofia au kapu. Weka ulichonacho ndani ya kapu. Tafadhali usimtunze mwimbaji kama tunavyotunza kwenye taarabu, usimwendee na noti juu juu ukamkatisha, wala kumbandika kwenye paji la uso. Kwetu hiyo ni heshima kubwa. Pale utakuwa umevunja duara.

Kuhusu kucheza, watu wanachezea nyuma, mbali na viti. Usipite kati ya mpigaji na meza, usiegemee kiti cha mtu, usiweke bilauri yako mezani mpaka uone wengine wa safu yako wanafanya hivyo. Hatua yenyewe ni ndogo kuliko inavyoonekana: magoti laini, nyayo karibu na sakafu, uzito unahama haraka mara tatu, na mabega yametulia. Ukipenda jifiche nyuma ya dada zako ujaribu. Kijana akikunyooshea mkono mcheze wawili na hutaki, tabasamu, weka kiganja kifuani, endelea kupiga kofi. Anaelewa. Asipoelewa, waambie dada zako, na wao watamwelewesha.

Hao dada zako nataka uwaangalie vizuri. Jikoni unawajua na aproni, miguu imevimba, wanahesabu saa. Wabrazil ndio wageni wengi kuliko wote Ureno, na wengi wao wanafanya kazi hizo hizo, kusafisha, kupeleka chakula kwa pikipiki, kulea wazee wa wenzao. Utawaona Jumapili wanafunga macho na kuimba maneno ya huzuni kwa uso unaong'aa. Samba nyingi zina huzuni ndani, zinasema mapenzi yamevunjika, nyumba imebomolewa, fedha hakuna, na mdundo unaenda mbele tu. Wamekualika sebuleni kwao. Kupiga hodi, nilikokwambia mwanzo, ni kuliheshimu hilo: kuweka simu mfukoni wakati wimbo unaendelea, kutozungumza na jirani karibu na meza, kumwuliza mtu kabla ya kumrekodi.

Na mikono yako inayowasha, usiiulize kama ni ya kike au ya kiume. Mezani bado utakuta wanaume wengi, ingawa siku hizi zipo roda za wanawake watupu na zinapiga kwelikweli. Dona Ivone Lara alikuwa muuguzi na mtumishi wa ustawi wa jamii hospitalini kwa miaka mingi, na huku anatunga. Samba zake za ujanani zilitambulishwa na binamu yake kana kwamba ni zake yeye, maana mwanamke hakukubalika kati ya watunzi. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kutia sahihi wimbo wa gwaride wa kikundi kikubwa, Império Serrano. Alikufa mwaka 2018, na sijakaa kwenye roda yoyote ambayo usiku ulipita bila wimbo wake mmoja. Waambie dada zako wakunong'oneze utakapofika.

Mwisho wa usiku watatangaza *saideira*, ya kutokea. Usiamini, huwa tatu. Lakini metro ya Lisbon inafunga saa saba usiku, kwa hiyo ulizia mapema nani anarudi njia yako. Wakiweka ala chini, nenda kwa mwenye pandeiro umshukuru, na akikuuliza umetoka wapi, mwambie Tanga, Tanzania, na kwamba kwenu *angoma* inaitwa ngoma. Kisha niandikie Jumatatu uniambie ni kiitikio gani kilichobaki kichwani wakati unaosha sahani.